Utenzi wa Kichwa Kimoja

Kichwa changu ni kimoja,
wala sina cha kungoja,
sasa kimezua hoja
ya wakubwa wa nchini.

Naitwa Chengo Kadenge,
si wakili, si mbunge,
naendesha kwa unyonge
boda yangu Kisauni.

Kaunti ikatangaza
kofia ya kuangaza,
manjano ya kupumbaza,
na nambari ubavuni.

Nikatoa zangu pesa,
karo ya Mbeyu kabisa,
kwa kuogopa mkasa,
nikaiweka kichwani.

Kesho yake, pale Nyali,
afisa wa serikali
kanishika kwa ukali,
akasema, "Hii nini?

"Chapa ya nchi haipo,
ya kaunti ni ya hapo,
njia hii tuliyopo
haitawaliwi Pwani."

Faini, kitu kidogo,
nikatoa kwa kisogo;
hata karatasi ndogo
ya risiti siioni.

Nikanunua nyeusi,
chapa ya nchi halisi,
joto lake kama pasi,
jasho tiriri shingoni.

Mwembe Tayari kufika
kanjo wakanizunguka:
"Manjano umeiweka
wapi, ewe maluuni?"

Nikasema, "Kule ng'ambo
wana yao mengi mambo."
Wakanicheka kitambo,
wakanitia garini.

Mshika mbili hukosa
moja. Nami, hapa sasa,
mbili zanikaba hasa,
siponyoki asilani.

Mwarandu akanambia,
"Katiba imegawia
kila serikali njia,
kuu na za mitaani.

"Lami kubwa ni ya juu,
ya Nairobi, wakuu;
tope la kwenye miguu
ni la kaunti, jirani."

Basi nikawa na mbili,
moja begani, ya pili
kichwani; kila mahali
nabadilisha njiani.

Mbeyu kaja na barua,
karo haijatimia;
akaziona kofia:
"Una vichwa vingi kwani?"

Abiria, Bi Salama,
akicheka akasema,
"Wavua, wavaa, jama,
kama bi harusi ndani!"

Siku ile, Jumatano,
Bombolulu, makutano,
nikaivua manjano,
nyeusi i mkononi.

Kichwa hakina sheria,
si ya huku, si ya njia;
upepo nausikia
wapita mwangu nyweleni.

Lori la kuuza maji
likaja kama mwindaji,
dereva wake mlaji
wa muguka usukani.

Mengine mie sijui,
ila Mwarandu hazui:
nililala sitambui,
damu yachuruza chini.

Polisi na kanjo hao
waja na vitabu vyao,
wapima kwa futi zao:
"Mpaka uko shingoni."

Kichwa ki kwenye kokoto,
miguu lamini moto;
nusu yangu ni mtoto
wa gavana, nusu nani?

Bi Salama, leso yake
kichwani anifunike,
hakungoja waafike,
akafunga kwa makini.

Leso yasema na wao:
"Jeraha halina kwao."
Wasoma kwa macho yao,
kalamu zi vidoleni.

Nilishonwa nyuzi tisa;
muuguzi, bila visa,
hakudadisi siasa,
alitazama fuvuni.

Na zile kofia mbili
zaletwa, zote kamili,
hazina hata dalili
ya mkwaruzo mwilini.

Mwezi wa nane ni kesi,
kaunti na wa polisi
wavutana kama fisi,
nami mfupa kotini.

Hakimu akaniita:
"Chengo, ipi wafuata?"
Kovu nikalikamata,
nikajibu, "Ya kichwani."

Kesi kaiahirisha,
kofia kazibakisha,
nami nikajiendesha
kwa leso, hadi nyumbani.